Wiki Yangu Juu ya Kreti

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimekaa kwenye kreti tena. Siku ya nne mfululizo. Nina alama za kreti mahali ambapo siwezi kumwonyesha mtu.

Kwa faida ya atakayesoma daftari hili nikishakufa, ili ajue nani alaumiwe: tunacheza pool watu watano, kila siku saa kumi na moja jioni, kwenye grosari ya Blessing hapa Pangani, Kibaha. Mchezo wetu tunauita tatu-tatu. Mipira kumi na mitano, kila mtu mitatu yake. Unazamisha ya wenzako, unaomba Mungu wasizamishe yako. Mitatu yako ikiisha, umetoka. Anayebaki mwisho ndiye mshindi. Hatuchezei fedha. Ila wa kwanza kutoka ananyang'anywa kiti, anakaa kwenye kreti tupu ya soda, na anakusanya chupa za wenzake mpaka mchezo uishe.

Mimi ni kinyozi. Nina saluni yangu na vioo viwili. Nina miaka arobaini na mitatu. Na nimekusanya chupa ya Husseini, dereva wa malori ya bandari kavu ya Kwala, ambaye anashika fimbo kama anachochea moto. Nimekusanya chupa ya Abdala, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu aliyekula Idi zote nyumbani kwangu. Nimekusanya chupa ya Hajra, fundi cherehani, ambaye anazamisha mipira huku anaongea na simu.

Na nimekusanya chupa ya Mwalimu Abdulwahab. Huyu ndiye hasa. Mwalimu mstaafu wa hesabu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Kila akizamisha mpira wangu ananiambia pole. Si kejeli. Kejeli ningeivumilia. Anasema pole kama mtu aliyefika msibani. Leo pole tatu. Ya tatu akaniwekea na mkono begani.

Usingizi hauji. Hasira.

Jumapili, 3 Agosti

Kreti.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Abdala amekuja na mwaliko. Kuna mama anaitwa Maulida, ana mgahawa Kisarawe mjini, amenunua meza mpya ya pool na anataka kuizindua siku ya Nane Nane kwa kucheza tatu-tatu na watu wa Kibaha. Zawadi ni jogoo. Kisarawe wanamweka mtu wao mmoja, Kibwana. Sisi tupeleke wanne.

Sisi ni watano.

Hajra akasema haki itendeke. Blessing aandike kwenye kalenda jina la kila anayekaa kwenye kreti, kuanzia jana mpaka Alhamisi, na mwenye siku nyingi abaki Kibaha. Wakakubali haraka mno. Nikasema kuanzia jana si haki, tuanze kesho. Husseini akauliza kwa nini. Jibu nilikuwa nalo ila halikuwa la kusemwa mbele za watu.

Lazima niende. Huko ndiko kwetu. Nimezaliwa Maneromango, wilaya hiyo hiyo ya Kisarawe, mama yuko huko mpaka leo, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikimwambia kwenye simu kwamba mimi ni kapteni wa pool Kibaha. Hatuna kapteni. Siku nilipouanza uongo huo aliniuliza kazi inaendaje, kazi ilikuwa mbaya, nikaona nimpe japo kitu cha kufurahia. Akakipokea. Akawaambia majirani. Akamwambia na kaka yangu Mbaraka, mwenye shamba la mikorosho, ambaye tangu utoto akinitazama ni kama anatazama ndoo iliyotoboka.

Jioni nimempigia mama, nimemwambia kapteni anakuja Nane Nane. Amesema atapanda basi aje Kisarawe kuniona. Nikamkumbusha kwamba pool inachezwa kwenye mabaa. Akasema ameshaulizia, kwa Maulida hapauzwi pombe, ni chai na maandazi.

Nilikuwa nimeitegemea sana ile pombe.

Jumatatu, 4 Agosti

Saa sita mchana. Blessing yuko sokoni. Nikafunga saluni, nikaenda grosari, nikakunja kipande cha boksi mara nne na kukisukuma chini ya mguu mmoja wa meza. Meza ikainama kidogo, kwa macho huoni. Kisha mazoezi, saa mbili nzima. Nikagundua mpira ukiupiga sawasawa unakimbilia kushoto, upana wa vidole viwili. Wenzangu wangepiga kama walivyozoea na kukosa. Mimi peke yangu ningejua. Wateja wawili walikuta nimefunga wakaenda kwa jirani. Waende.

Saa kumi na moja. Zamu yangu. Nikalenga vidole viwili kulia kwa shimo. Mpira ukaenda vidole viwili kulia kwa shimo, ukagonga ukuta wa meza, ukarudi kunisalimia. Nikapunguza, nikalenga kidole kimoja. Ukakosa kwa kidole kimoja. Zamu ya tatu sikuwa nayo, nilikuwa nimeshatoka.

Kumbe Hajra alipita saa tisa, akaona meza inacheza-cheza, akainama, akatoa boksi, akasaidiana na Blessing kuisawazisha. Blessing akamshukuru mbele yetu. Mwalimu akasema ni jambo zuri kuchezea mahali palipo sawa. Halafu akaniambia pole.

Wakati nakusanya chupa, Hajra akanikabidhi lile boksi. Lilikuwa boksi la mashine yangu ya kunyolea, na jina la saluni nilikuwa nimeliandika juu yake mwenyewe kwa kalamu nene.

Kwa nini mtu mzima anainama chini ya meza? Anatafuta nini huko?

Jumanne, 5 Agosti

Meza imenikataa. Nimehamia kwa watu.

Husseini alikuja kunyolewa asubuhi. Nikamweleza kwamba mimi na yeye tusigusane, tumshughulikie Mwalimu, na iwe siri yetu wawili. Akakubali. Ni kweli wembe ulikuwa shingoni mwake, lakini naamini alikubali kwa moyo.

Abdala alikuja kunywa chai yangu kama kawaida. Nikamwambia hivyo hivyo, siri yetu wawili. Kwa Hajra nilipeleka suruali nzima, nikaichana mlangoni kwake ili niwe na sababu ya kuingia. Siri yetu wawili. Akanitazama sana, akasema sawa kaka Mashaka, suruali njoo uichukue kesho.

Ningeishia hapo. Lakini saa nane Mwalimu mwenyewe akaja kupunguzwa ndevu. Shikamoo, marahaba, akakaa, akafumba macho. Mdomo wangu ukaanza wenyewe. Nikamwambia mimi na yeye ni watu wazima, tusigusane, tumshughulikie Hajra. Akasema hapendi mambo ya chini chini, ila ananiona wiki hii nina kitu kinanisumbua, basi kwa leo tu atakubali.

Katikati ya hapo mama akapiga. Mikono ina povu, nikaweka spika. Akauliza kama mama wa kapteni anatakiwa kuvaa nguo ya rangi fulani. Nikamwambia avae anayopenda. Mwalimu hakufumbua macho.

Jioni mpango ukaenda kama maji. Mwalimu alilenga mipira ya Hajra tu. Mpira wangu ulikuwa mdomoni mwa shimo, mbele yake, akauruka. Sisi wanne tukamlenga yeye. Akatoka wa kwanza. Mpira wake wa mwisho niliuzamisha mimi kwa mkono wangu.

Nikamwambia pole.

Akasema asante. Akaenda kwenye kreti, akakaa mgongo umenyooka, akakusanya chupa na kuzipanga kwa aina. Wala hakuniangalia vibaya. Nilitaka aniangalie vibaya! Nimeshinda na sijala vizuri. Mwanakheri, mke wangu, ameniuliza kama naumwa tumbo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimesalitiwa ndani ya nyumba yangu.

Abdala alimwambia dada yake kwamba mimi na yeye tuna mkataba. Mwanakheri akaenda kwa Hajra kuchukua suruali yangu, akamwambia ni vizuri wanaume hawa wawili wameanza kuelewana. Hajra akasema hata yeye ana mkataba na mimi. Husseini alikuwa hapo anashonewa zipu. Akasema naye.

Nilipofika grosari walikuwa wameketi wote, wametulia. Hajra ndiye aliyeuliza. "Kaka Mashaka, leo uko na nani? Tunataka kujua ili tusikukosee."

Husseini akacheka mpaka akashika meza. Blessing naye. Mwalimu peke yake hakucheka wala hakusema kama na yeye alikuwemo. Nikamngoja aseme. Akapaka chaki fimbo yake taratibu, kama mtu asiyejua chochote. Mtu anakutunzia siri ambayo hukumwomba aitunze, unamfanyia nini mtu kama huyo?

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Nikilenga wa Abdala, Abdala amepata ushahidi. Nikilenga wa Hajra, Hajra. Nikapiga katikati, pasipo na mtu. Mpira mweupe ukazunguka meza nzima, peke yake, ukaingia shimoni.

Kreti. Nimemuuliza Mwanakheri kwa nini alisema. Akajibu kwamba hakuna aliyemwambia ni siri, na kwamba Baba Salama, ndivyo anavyoniita, ukiwa na siri moja na watu watatu, hiyo ni taarifa.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo hata sikucheza. Blessing alisoma kalenda kabla ya mchezo: Mashaka siku nne, Mwalimu siku moja. Leo hata angekaa malaika kwenye kreti, isingebadili kitu. Ninabaki Kibaha.

Nikaweka fimbo chini, nikaondoka. Abdala akaniita, sikugeuka. Nilifika saluni nikawasha mashine na kuzima, nikawasha na kuzima. Nikafikiria uongo. Nimeumwa. Saluni imevamiwa na siafu. Nimeitwa serikalini. Nikashika simu nimpigie mama, nikakuta ameshaniandikia ujumbe: amepika vitumbua vya watu watano, yeye na Mbaraka wataondoka na basi la alfajiri, ameazima mkoba.

Nikaweka simu mezani. Sikuweza kupiga.

Kabla ya magharibi Mwalimu akaingia. Nikamwambia nimefunga. Akasema hakuja kunyolewa. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Mgongo umenikaza, Mashaka. Kukaa kwenye gari mpaka Kisarawe sitaweza. Nenda wewe mahali pangu. Mama yako asije bure."

Nikamshukuru, maana mtu akikusemesha kwa adabu huna la kufanya. Lakini alipoondoka nikaanza kuwaza. Asubuhi nilimwona kwa macho yangu akibeba ndoo mbili za maji kutoka bombani, moja kila mkono. Mgongo gani huo? Na habari za mama yangu kazitoa wapi kama siyo kusikiliza simu za watu akijifanya amefumba macho?

Kuna kitu. Mtu hakupi nafasi yake hivi hivi. Ama ile meza ya Kisarawe ni mbovu, ama huyo Kibwana ni hatari, na yeye anajua.

Ila nakwenda.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Tulitoka asubuhi na gari la kaka yake Husseini, tukapitia Kiluvya. Sikuongea njia nzima. Walikuwa wachangamfu mno, wananipa karanga. Nikawa makini.

Kwa Maulida meza imewekwa uani, chini ya mabati, kitambaa kijani kibichi hakina hata doa. Mama alikuwa kiti cha mbele kabisa, mkoba wa kuazima magotini, kanga mpya. Mbaraka nyuma yake, amekunja mikono. Nikamwamkia mama, akaniitikia, kisha akawaambia akina mama waliokaa naye, huyu ndiye kapteni. Abdala akakohoa. Hajra akainamisha kichwa na kusema ndiyo mama, ndiye. Kibwana nikamkumbuka, tulisoma naye darasa moja Maneromango. Ameota kitambi, mpole, mikono kama ya mtu anayeshika mayai.

Tukaanza. Kibwana akamtoa Husseini haraka, kisha akazamisha miwili yangu. Nikabaki na mmoja. Na hapo nikaanza kuona mambo. Mpira wangu ulikuwa wazi mbele ya Hajra, hata kipofu angeuzamisha. Akaacha, akapiga wa mbali, akakosa. Zamu ya Abdala, hivyo hivyo, akagonga ukuta wa meza. Wananiacha! Kwa nini wananiacha? Nikaelewa: wanataka nibaki mwisho na Kibwana ili aibu iwe yangu peke yangu, mama akiangalia.

Nikawaka. Nikamaliza mipira ya Abdala. Nikamaliza ya Hajra, miwili mfululizo, sijawahi kupiga hivyo maishani. Hajra alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji akiwa amevaa vizuri. Kila mpira ukiingia mama alipiga makofi na kuuliza majirani kama wameona.

Tukabaki wawili. Mpira mmoja wangu, mmoja wa Kibwana, na wa Kibwana uko mdomoni mwa shimo. Zamu yangu. Hata Mbaraka alikunjua mikono.

Hajra akasema taratibu nyuma yangu, "Kaka Mashaka, uguse tu. Usipige kwa nguvu."

Nani amemwomba? Wiki nzima wananicheka, leo wananifundisha mbele ya mama yangu. Nikapiga kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu.

Mpira wa Kibwana ukaingia kwa kishindo. Nikanyanyua fimbo juu. Mama akapiga vigelegele, akina mama wote wakaitikia, mkoba ukaanguka. Na mimi nikiwa nimenyanyua fimbo hivyo hivyo, nikauona mpira mweupe ukiufuata mwenzake. Polepole. Ukafika ukingoni, ukasimama kidogo kama unafikiria, ukaingia.

Ukizamisha mweupe, uliouzamisha unarudishwa mezani na zamu inahama. Kibwana akauweka mpira wake mezani. Akauchukua mweupe, akaulenga wangu, akaugusa tu. Ukaingia bila hata sauti.

Vigelegele vilikuwa vinaendelea. Mama hajui sheria. Kwake, mwanawe aliingiza mpira na watu wakashangilia, basi. Mbaraka akainama kumweleza. Kibwana akawahi. Akamchukua jogoo kwa Maulida, akapita mbele ya Mbaraka, akampa mama jogoo kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Huyu ni wa kapteni."

Mbaraka akafunga mdomo. Mama akalia kidogo, akafuta macho kwa kanga. Nikala vitumbua vinne nikiwa nimesimama na sikusikia ladha ya hata kimoja.

Kwenye gari, tulipopita Kiluvya, Husseini akaona anisaidie. Akasema nisijisikie vibaya, kwamba tangu jana jioni walikuwa wamekubaliana wasiguse mipira yangu ili mama anione nikicheza mpaka mwisho. Mwalimu ndiye aliyewaomba.

Kwa hiyo walikuwa na mkataba wa siri. Watu watatu na Mwalimu wa nne! Mimi nikifanya ni hila, wao wakifanya ni wema. Niliwaambia wasimamishe gari nishuke. Wakasimamisha. Nikaona ni mbali, nikarudi ndani.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijaenda grosari. Waende wenyewe.

Mama amepiga asubuhi. Jogoo amefika salama Maneromango na majirani wanakuja kumwangalia. Mbaraka amejitolea kumjengea banda. Mama alisema kwamba jana, njia nzima ndani ya basi, Mbaraka hakunisema vibaya hata mara moja, na kwamba hilo peke yake lingemtosha bila jogoo. Nilipaswa kusema jambo. Nilikuwa nalo mdomoni, kwamba mama, mimi si kapteni, na jogoo si wangu.

Nikamwambia nimepandishwa cheo. Sasa ni kapteni wa mkoa mzima wa Pwani.

Amefurahi mno. Na kwa kuwa Kibwana ameshaalikwa kuja kurudisha mchezo kwa Blessing Jumamosi ya tarehe 23, mama anakuja naye, Mbaraka pia, na majirani wawili. Grosari ya Blessing inauza bia, nikamkumbusha. Akasema atakaa nje, dirishani.

Kwa hiyo siku kumi na nne. Watu watano, nafasi nne, na kalenda ya Blessing inaanza upya Jumatatu.

Mchana Mwalimu alipita kunijulia hali. Alikuwa amebeba gunia la mkaa begani. Nikamuuliza mgongo unaendeleaje. Akahamishia gunia bega la pili, akasema haujambo, Mungu amesaidia. Akaniuliza kama mama alifurahi. Nikasema ndiyo. Akatabasamu na kwenda zake na gunia lake, na mimi nikabaki mlangoni damu inanichemka, maana sasa nilikuwa na hakika kwamba alinidanganya. Mwalimu, mtu mzima, mtu wa msikitini!

Lakini amekosea. Ugonjwa ameutangaza mwenyewe kwa mdomo wake.

Nimekwenda kwa Blessing kupitia mlango wa nyuma. Nimemweleza, kwa masikitiko, kwamba Mwalimu ana mgongo mbaya sana, anauficha, na ni dhambi sisi kumwacha mzee anainamia meza kila jioni. Blessing amesikitika. Amesema hakujua. Nikamsisitiza ibaki siri yetu wawili.

Kesho asubuhi ni zamu ya Husseini. Anakuja kunyolewa ndevu.